Kuhamisha Mawe

Mungaa iko mbali na bahari. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na maji ya chumvi tuliyo nayo jirani ni ya Ziwa Singida, ambalo heroe hulipenda lakini tumbawe haliwezi kuota ndani yake hata siku moja. Mawe yetu ni granaiti. Ni makubwa, ya kijivu, mengine yamebebana kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Mtoto wa hapa hukaa juu ya jiwe akichunga mbuzi, huanika alizeti juu yake, hujificha nyuma yake mvua ikimkuta njiani. Anajua kwamba jiwe lilikuwepo kabla yake na litabaki baada yake, na kwamba ukilisogeza hakuna atakayelalamika isipokuwa nge aliyelala chini yake.

Kwa hiyo nilicheka binamu yangu aliponiambia, kutoka Ujerumani anakoishi, kwamba hajalala vizuri kwa wiki nzima kwa sababu ya mawe.

Ana tangi la samaki sebuleni, lita 400 za maji ya chumvi. Ndani kuna mawe kiasi cha kilo 40, aliyoyanunua kwa mtu aliyechoka kufuga. Juu ya mawe yameota matumbawe, na katikati ya mawe wanaishi samaki sita, kamba mmoja na konokono ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Mwaka wa kwanza aliyapanga mawe yale kama ukuta, yakaegemea kioo cha nyuma kuanzia chini hadi juu. Yalipendeza. Mwaka wa tatu ukuta ukaanza kumgharimu. Maji hayakupita nyuma yake, uchafu ukajikusanya mahali ambapo mkono haufiki, na kangaja wa njano, aliyeingia wa kwanza, akajitwalia tangi zima na kumpiga kila mgeni. Mawe yalipaswa kupangwa upya. Na kwa miezi minne binamu yangu hakuyagusa.

“Ukiyahamisha vibaya,” aliniambia, “unaweza kuamka kesho ukute kila kitu kimekufa. Na maji yatakuwa yanang’aa kama kawaida.”

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Mungaa. Sentensi ile ilinikaa kichwani kwa sababu ilinikumbusha mada ninayoifundisha kila mwaka kwa aya mbili tu. Nitaifikia. Kwanza ilibidi nielewe ndani ya jiwe la bahari kuna nini.

*

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Amonia ni sumu. Baharini huyeyuka katika maji mengi na kupotea. Ndani ya boksi la kioo haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki wa tangi ni bakteria wanaoishi juu ya mawe. Kundi moja hula amonia na kuibadili kuwa naitraiti, ambayo nayo ni hatari. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Ndani zaidi, kwenye vitundu vya jiwe ambako oksijeni haifiki, kundi la tatu huivunja naitreti ikawa gesi ya naitrojeni, nayo hupanda kwa viputo visivyoonekana na kurudi hewani. Kazi hiyo yote hufanywa na viumbe ambao hakuna anayewaona, ndani ya kitu kinachoitwa jiwe.

Wafugaji huyaita mawe hai. Ukiyaacha yakakauka, bakteria na wenyeji wengine hufa, na mizoga yao hutoa amonia ileile waliyokuwa wakiiondoa. Ukiyaosha kwa maji ya bomba, matokeo ni hayohayo. Ukiyang’oa yote kwa siku moja, unatifua uchafu wa miaka mitatu uliolala chini yake na kuumwaga katika maji ambayo viumbe wote wanayapumua.

Binadamu walichukua zaidi ya karne moja kujifunza hilo. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay, kusini mwa Uingereza, akaenda nayo nyumbani London ndani ya mtungi. London haina bahari, kama Mungaa. Ili maji yasichache, ilibidi yamiminwe kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, karibu nusu saa au zaidi. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mtumishi wa ndani. Jina la Thynne limo katika historia ya akwaria. La mtumishi wake sijawahi kuliona popote, ingawa mikono yake ndiyo iliyokuwa mashine ya kwanza ya hewa.

Mwaka 1853 London ikafungua akwaria ya kwanza ya umma katika bustani yake ya wanyama. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno lenyewe, na wenye nafasi wakakimbilia pwani na ndoo na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa majonzi kwamba vidimbwi vya mawe alivyovijua utotoni vilikuwa vimeharibiwa na wakusanyaji hao, watu ambao kitabu cha baba yake kiliwafundisha kuvipenda.

Halafu mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, akaeleza katika gazeti la Marekani la wapenda samaki njia yake rahisi. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na kila kilichoishi juu yake. Wazungu waliokuwa wakiyachemsha mawe na kuyapausha mpaka yawe meupe walimsoma bila kumwamini. Miaka ilipita kabla wafugaji wa Ujerumani hawajajenga juu ya wazo hilohilo kile kinachoitwa sasa mtindo wa Berlin: mawe hai, taa kali, na kifaa kinachotoa uchafu kwa povu. Tangi la binamu yangu ni la mtindo huo. Mjakarta aliwaambia jambo lililokuwa mbele ya macho yao, kwamba jiwe si pambo la tangi. Jiwe ndilo tangi, na kioo ni ukuta wa kuzuia maji yasimwagike.

*

Pwani yetu ilianza kuhamisha mawe ya bahari zamani sana kabla ya bibi yule wa London. Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Kwa kuta, mafundi walitumia mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyoko nchi kavu. Kwa mihrabu, vizingiti na nakshi, walizama na kukata tumbawe hai, hasa lile nene la mviringo ambalo wanasayansi huliita Porites. Likiwa bichi linachongeka. Likikauka linakuwa jiwe kamili. Fundi alikuwa na siku chache tu za kuandika katika kitu kilichokuwa bado na maji ndani yake.

Watu wa Kilwa hawakuishia kwenye kuta. Mwanaakiolojia Edward Pollard alichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa njia na majukwaa ya mawe yaliyojengwa kwenye sehemu ya ufukwe inayofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa, kazi ya kati ya karne ya 13 na ya 16. Vipande vya matumbawe viliokotwa na kupangwa upya palepale baharini. Wengi wetu hufikiri mji wa Kilwa uliishia pale maji yanapoanzia. Kumbe hata chini ya maji watu walikuwa wakipanga.

Baadaye mikono ikaongezeka. Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyopikwa: ndani ya tanuri jiwe hupoteza kaboni-dioksidi na kubaki unga mweupe unaoshika ukuta. Huko Mafia na Mikindani, tanuri hizo zililishwa pia matumbawe hai yaliyovunjwa baharini. Hata sisi wa bara tumo. Kilima cha Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mwamba wa matumbawe wa zamani uliobaki nchi kavu, na tangu mwaka 1966 kiwanda kilichopo hapo kimekuwa kikiusaga kutengeneza saruji. Mfuko wa saruji ya Wazo unaposhushwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Singida, ni bahari ya kale imefika kwa lori.

Sina ugomvi na msikiti wa Kilwa. Lakini kuna mahali ambapo kuhamisha jiwe kuligeuka kuwa kitu kingine. Kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1960, sehemu za pwani ya Tanzania zilivuliwa kwa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo, na huacha mwamba umekuwa kokoto. Kokoto hizo ndizo tatizo linalobaki. Tumbawe changa linahitaji mahali patulivu pa kushika; kokoto hubingirika kila wimbi likija, na kitoto kilichojaribu kuota juu yake husagwa. Mwamba ambao ulichukua karne nyingi kujipanga hupangwa upya kwa sekunde moja, na mpango mpya haukaliki. Sheria zilikuwepo. Hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka uliotangulia. Milipuko ilipungua sana baada ya doria kukazwa kuanzia mwaka 2015. Kokoto zilibaki pale pale, zikibingirika.

*

Jumapili moja binamu yangu alipiga simu ya video akiwa na mikono imelowa. Nilikuwa kwa Bibi. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari ili naye aone.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hao ndio samaki?”

“Ndio hao.”

“Mnawala lini?”

Hawaliwi, alimweleza; anawatazama tu. Bibi alinyamaza kwa heshima, kama anavyonyamaza mtu anapotaja bei ya kitu cha mjini. Kisha binamu akamwonyesha alichokuwa akifanya. Alikuwa ametoa theluthi moja tu ya mawe, yale ya upande wa kulia, na kuyaweka kwenye beseni lililojaa maji ya tangi lenyewe, lenye kipasha joto na pampu. Aliyashika moja moja, bila kuyageuza, ili tumbawe lililozoea kutazama juu lisijikute linatazama chini. Mawe mazito aliyaweka moja kwa moja kwenye sakafu ya kioo na kurudishia mchanga kuyazunguka, kwa maana samaki wachimbaji wakichimba chini ya jiwe lililokalia mchanga, siku moja litaanguka. Badala ya ukuta alijenga vichuguu viwili vyenye tao kati yake, mbali na kioo cha nyuma, ili maji yazunguke. Theluthi nyingine ingesubiri wiki mbili, na ya mwisho wiki mbili tena. Kila siku angepima amonia.

Kangaja wa njano alikuwa amesimama katikati ya maji bila kwenda popote. Jana yake angekuwa amemshambulia kila aliyepita.

“Huyo vipi?” Bibi akauliza.

“Hajui tena kwake ni wapi, Bibi. Nikimwingiza mgeni sasa, hatampiga. Wote ni wageni.”

Wafugaji wanaujua ujanja huo, na wengine hupanga mawe upya kwa sababu hiyo tu. Samaki wa miamba hushika eneo kwa alama: pango hili, ufa ule, kona ile. Ukiziondoa alama, umefuta mipaka, na mwenye nguvu na mnyonge wanaanza sawa. Kwa mwenye tangi ni nafuu. Kwa samaki aliyekuwa na pango lake dogo, na hakuwa akimsumbua mtu, ni jambo tofauti.

Bibi aliitazama simu kwa muda mrefu. “Sisi,” akasema, “tulipewa wiki moja.”

*

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini. Kabla ya hapo, tangu Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa vilikuwa ni jambo la kushawishiwa. Sababu zilieleweka. Watu walikaa wametawanyika, na huwezi kupeleka shule, zahanati na bomba la maji kwenye kila mji wa mtu mmoja mmoja. Mamilioni walihamishwa katika miaka michache. Hiyo ndiyo aya yangu ya kwanza darasani. Aya ya pili hueleza mafanikio na matatizo, vitone vinne kwa vinne, jinsi mtihani unavyopenda.

Bibi alikuwa na watoto watatu wakati huo. Mji wao ulikuwa tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, na zizi pembeni. Alivyobeba anavikumbuka kwa mpangilio: mbegu za mtama na uwele, vyungu viwili, jiwe la kusagia, na mafiga matatu ya jikoni kwake. Nilimuuliza kwa nini abebe mafiga wakati mawe yamejaa kila mahali Mungaa. Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini alibeba watoto. Mafiga yale yalishazoea moto, alisema. Jiwe geni hupasuka.

Kitu ambacho hakuweza kubeba ni shamba. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliishi kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na mwaka 1970 alichapisha kitabu kuhusu uchumi wao, The Wahi Wanyaturu. Mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba kilimo cha hapa kilisimama juu ya samadi. Ardhi ya granaiti ni maskini. Kinachoifanya itoe nafaka mwaka baada ya mwaka ni samadi ya ng’ombe, inayotolewa zizini na kumwagwa kwenye mashamba yanayozunguka mji. Mwenye ng’ombe wengi alikuwa na samadi, mwenye samadi alikuwa na nafaka, na mwenye ziada ya nafaka aliweza kupata ng’ombe. Nyumba, zizi na shamba vilikuwa kitu kimoja. Ukipita barabarani ungeona nyumba ya udongo imesimama peke yake porini, ukasema huyu anaweza kukaa popote. Usingeona miaka 20 ya samadi iliyoko chini ya miguu yake.

Ndipo nilipoelewa kwa nini sentensi ya binamu yangu ilinikaa. Rutuba ya shamba la Bibi na usafi wa maji ya tangi ni kazi ya viumbe wa aina moja. Bakteria wa udongo nao hubadili amonia ya samadi kuwa naitreti ambayo mmea unaweza kuinywa. Si mfano wa kishairi. Ni kemia ileile. Tembe zilihamishwa, na ile sehemu ya uchumi isiyoonekana ikabaki nyuma.

Mwaka 1974 na 1975 nchi iliagiza chakula kingi kutoka nje. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni sehemu gani ya njaa hiyo ilitokana na ukame, ambao ulikuwepo kweli, na ni sehemu gani ilitokana na kuhama. Bibi hana ubishi wowote. Anasema mvua ilikuwa mbaya na shamba jipya lilikuwa bichi. Kwa misimu minne aliamka usiku na kutembea hadi shamba la zamani, akalilima, akarudi. Kisha ng’ombe wakazoea zizi jipya, samadi ikaanza kukusanyika, na taratibu shamba la kijijini likaanza kujibu. Pia anasema, bila mimi kumuuliza, kwamba mama yangu alisoma kwa sababu shule ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mji wa zamani ungemfanya achunge mbuzi. Mimi ni mwalimu kwa sababu ya kuhama kule, na siwezi kulitazama jambo hili kana kwamba nimesimama nje yake.

Mwaka 1998 James C. Scott alichapisha Seeing Like a State, kitabu kuhusu mipango mikubwa ya serikali mbalimbali iliyoshindwa, na sura moja ni ya vijiji vyetu. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba serikali hupenda kupanga watu kwa namna itakayowafanya waonekane: nyumba zimenyooka kando ya barabara, kila moja na namba yake, rahisi kuhesabu. Anayepanga hukitathmini kijiji kwa jinsi kinavyoonekana kwa mtu anayekitazama kutoka nje.

Tangi lina kioo cha mbele. Binamu yangu alipojenga ule ukuta wa kwanza, alisimama mbele ya kioo, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga picha. Ukuta ulikuwa mzuri kutoka pale alipokuwa amesimama. Nyuma yake, ambako maji yalipaswa kupita, hakuna aliyekuwa akitazama. Nadhani upangaji wowote wa mawe au wa watu una kioo chake cha mbele, na kazi ya mwanahistoria ni kuzunguka nyuma.

*

Kazi ya tangi ilichukua wiki tano. Amonia ilipanda kidogo baada ya theluthi ya pili, ikashuka yenyewe. Tumbawe moja, lililokuwa limeishi kivulini, lilijikuta karibu na taa likaanza kupauka. Matumbawe mengi huishi kwa chakula kinachotengenezwa na mwani mdogo sana ulio ndani ya nyama yake, na likishtushwa na mwanga au joto humfukuza mpangaji huyo na kubaki jeupe. Hicho ndicho kilichotokea katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi. Miamba ya Mafia na ya Kenya iliumia sana. Binamu aliliteremsha tumbawe lake hadi chini, akalisubiri. Rangi ilirudi baada ya miezi miwili. Kangaja alichagua pango jipya, na mgeni mmoja aliyeingizwa wakati ule wa mkanganyiko bado yu hai.

Baharini kwenyewe kuna watu wanaofanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kikubwa zaidi, na bila kioo. Mwanasayansi Ulf Lindahl alipandikiza matawi ya matumbawe huko Mafia, mengine akiyaunganisha kwa kamba, ili aone kama kuyafunga pamoja kunayasaidia kutulia mahali mawimbi yanapoyasukuma. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 na 2003. Mtafiti Mtanzania Nsajigwa Mbije na wenzake walichapisha mwaka 2010 majaribio ya vitalu vya matumbawe nchini mwetu: unachukua kipande kidogo, unakilea chini ya maji kama mche wa kahawa, kisha unakihamishia kwenye mwamba uliobaki uchi. Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini huko Kenya, wanakijiji wameshirikiana na taasisi ya REEFolution kupanda matumbawe na kuzamisha miundo ya kuwa mwamba wa kuanzia. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, ambako mwamba umelindwa rasmi tangu mwaka 1994, walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa eneo lenyewe. Walijua kila jiwe lilipo kwa sababu walikuwa wamelivua.

Kazi hizi ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wa uharibifu, na joto la bahari likizidi haziwezi peke yake kuuokoa mwamba. Lakini zina utaratibu ambao baruti haikuwa nao na ambao Mungaa ya 1974 haikupewa: kidogo kidogo, ukipima kila hatua, na kipande kikihamishwa pamoja na kinachokifanya kiishi.

Mwaka huu nilipofika kwenye Operesheni Vijiji, sikuandika aya mbili ubaoni. Niliwapa Kidato cha Nne swali la kwenda nalo nyumbani: waulize wazee, kabla ya kuhama palikuwa na nini ambacho hakikuweza kubebwa? Walirudi na orodha ndefu kuliko ubao. Samadi. Makaburi. Mti wa kukutania. Njia fupi ya kisimani. Mipaka ya mashamba, iliyokuwa inajulikana kwa jina la mtu na si kwa namba. Jirani aliyeazima dume la ng’ombe. Mzee mmoja alimwambia mjukuu wake kwamba aliacha deni la mtama, na aliyemdai alihamishiwa kijiji kingine, kwa hiyo bado anadaiwa.

Tulipomaliza kusoma orodha, mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza: “Mwalimu, kama wangehamishwa vizuri, ingechukua muda gani?”

Nilimwambia kwamba najua tangi la lita 400 lilichukua wiki tano, na shamba la Bibi lilichukua misimu minne. Nikaandika namba hizo mbili ubaoni, nikaacha nafasi chini yake, na darasa likaanza kukokotoa.